Godzilla au Gamera: uanze na dubwana lipi?

Swali hili la mashabiki wa filamu za madubwana ya Kijapani huulizwa kwa sauti ileile ya "Simba au Yanga?". Anayeuliza hataki maelezo, anataka ujulikane uko upande gani. Mimi kwa miaka nilikuwa najibu "Godzilla" hata kabla swali halijaisha. Kisha jioni moja nikamwekea mpwa wangu wa miaka saba filamu ya Godzilla ya 1954, nikidhani namfungulia mlango wa raha. Filamu ikiwa imepita nusu, Tokyo inawaka, na mama mmoja amejikunyata kando ya jengo, kawakumbatia wanawe, anawaambia kwamba punde tu watakuwa pamoja na baba yao. Mpwa akanigeukia. "Mjomba, kwani baba yao yuko wapi?" Nikazima.

Wiki iliyofuata nikamwekea Gamera wa 1969, yule anayedaka chuma na kujizungusha kama mwanasarakasi wa Olimpiki. Alicheka mpaka chai ikampalia.

Ndipo nikaacha kuuliza nani mkali zaidi. Haya madubwana mawili hayafanyi kazi moja, na mtu anayesitasita aanze na lipi anahitaji kujua kila moja linakufanya nini ukiwa umekaa mbele yake.

Kwanza tuweke mipaka. Nazungumzia filamu za Kijapani peke yake: Godzilla, yule mjusi mkubwa wa baharini wa kampuni ya Toho, na Gamera, kobe mkubwa anayepaa, aliyezaliwa kwenye studio za Daiei. Godzilla wa Hollywood, tangu yule wa 1998 hadi huyu anayezozana na Kong, nimemwacha kando; huyo ana ulinganisho wake. Nimepima mambo matano: walikotoka, tabia ya dubwana lenyewe, ufundi wa kubomoa miji, binadamu wanaokimbia huko chini, na wingi wa filamu, kwa sababu mwenye Jumamosi moja na mwenye likizo ya mwezi hawawezi kupewa jibu moja.

Walikotoka

Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni kwenye kisiwa cha Bikini, katika Pasifiki. Majivu ya mlipuko yakaidondokea meli ya wavuvi wa jodari kutoka Japani, Daigo Fukuryu Maru, yenye mabaharia 23. Wote waliugua, na Septemba mwendesha redio wao, Aikichi Kuboyama, akafariki. Tarehe 3 Novemba mwaka huohuo Godzilla akaingia sinema. Filamu inafungua na mabaharia wanaopumzika sitahani, mwanga mkali unalipuka baharini, meli inazama. Mtazamaji wa Japani wa mwaka ule hakuhitaji kuelezwa anatazama nini. Mwongozaji, Ishiro Honda, alikuwa askari vitani, na aliporudi nyumbani alipita Hiroshima akaona kilichobaki. Kwa hiyo dubwana hili lilizaliwa msibani, na hata katika filamu zake za kipuuzi kabisa harufu ya ule msiba haijaisha.

Gamera alikuja Novemba 1965, na hapa hakuna haja ya kupambapamba: Daiei waliona jirani anavuna, nao wakalima. Hata chanzo cha nyuklia walikichukua. Ndege iliyobeba bomu inatunguliwa huko Aktiki, bomu linalipuka, na barafu inamtema kobe wa mita 60 mwenye meno ya kutokeza mdomoni kama nguruwe pori. Mpaka hapo ni nakala. Halafu inakuja mnara wa taa. Mtoto anayeitwa Toshio, ambaye nyumbani wamemlazimisha amwachilie kobe wake mdogo, anapanda juu ya mnara ili amwone huyu mkubwa. Gamera anauvunja mnara, mtoto anaanguka, na mkono uleule uliovunja unamdaka na kumweka chini polepole. Nakala imekwisha; tangu dakika ile Gamera ana njia yake.

Tabia ya dubwana

Godzilla hana tabia moja, na hili ndilo linalowachanganya wageni. Mwaka 1954 ni adhabu. Kufika 1964 ameungana na madubwana wenzake, Mothra na Rodan, kumfukuza King Ghidorah mwenye vichwa vitatu. Miaka ya sabini ni bingwa wa mieleka anayetetea dunia. Mwaka 1971, katika filamu ya Hedorah, dubwana lililotokana na taka za viwandani, anaruka angani kinyumenyume akisukumwa na pumzi yake mwenyewe. Ndiyo, anaruka. Wapo mashabiki ambao hawajasamehe mpaka leo. Mimi nilisamehe siku ileile. Mwaka 1984 anarudi kuwa tishio. Mwaka 2001 macho yake ni meupe kama ya maiti, na ndani yake wamo wafu wa vita. Mwaka 2016 ni kiumbe kinachobadilika umbo mbele ya macho yako, kuanzia kitu cha kuchukiza kinachojikokota barabarani mpaka mnara wa nyama wa mita 118.5. Ukisema "nampenda Godzilla" bado hujasema kitu. Yupi?

Gamera ni yuleyule. Ni rafiki wa watoto, na hiyo ndiyo habari yake yote tangu ule mnara wa taa. Sisi tuna msemo kwamba kobe akiinama anatunga sheria. Huyu akiingiza miguu ndani ya gamba, moto unatoka kwenye matundu, anaanza kuzunguka kama pia na kupaa. Mara ya kwanza utacheka. Mara ya tatu utakuwa unamsubiri. (Wapo watakaouliza kama ni kobe au kasa. Anaogelea bahari nzima na anatembea kwa miguu miwili, mwiteni mnavyotaka.)

Kinachobadilika kwa Gamera ni gharama ya huo urafiki. Filamu za zamani zinauchukulia kama mchezo. Zile tatu zilizoongozwa na Shusuke Kaneko, za 1995, 1996 na 1999, zinauliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza sawasawa: mlinzi mwenye uzito wa jengo akitua mtaani kwako kukulinda, anamkanyaga nani? Katika ile ya 1999 anamwinda Gyaos, yule ndege wa kutisha, juu ya mtaa wa Shibuya, Tokyo, usiku, njia zikiwa zimefurika watu. Anashinda. Halafu kamera inabaki pale chini, na maelfu waliokufa hawakuuawa na adui.

Ufundi wa kubomoa miji

Eiji Tsuburaya, bwana wa maajabu ya picha (special effects) wa Toho, alitamani kumchezesha Godzilla kwa sanamu inayopigwa picha mojamoja. Ingechukua miaka. Badala yake akamvalisha mtu. Haruo Nakajima aliingia ndani ya vazi la karibu kilo 100, chini ya taa kali za studio, akatembea juu ya mifano midogo ya majengo, na kazi hiyo akaendelea nayo mpaka 1972. Ile ngurumo unayoijua ilitoka kwa mtunzi wa muziki, Akira Ifukube: glavu ya ngozi iliyopakwa utomvu ikavutwa juu ya nyuzi za kontrabesi, kisha kasi ya sauti ikachezewa. Itazame filamu ile usiku, taa zimezimwa, ukiwa na spika nzuri. Hatua zinasikika kabla mguu haujaonekana.

Upande wa leo, ile ya 2023, Godzilla Minus One ya Takashi Yamazaki, ilishinda Oscar ya maajabu ya picha Machi 2024, ya kwanza kwa Godzilla katika miaka sabini. Picha 610 za maajabu, zilizotengenezwa na kikosi cha watu 35. Sehemu ambapo anabomoa Ginza, mtaa wa Tokyo, nimeirudia mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri.

Gamera wa zamani alifanyiwa kazi kwa bajeti ya sikukuu ya mtaani. Studio iliposhikwa na ukata, mapigano ya filamu zilizopita yalipachikwa tena, na mtazamaji aliyelipa kiingilio akatazama mara ya pili alichokwisha kukiona. (Toho nao walifanya hivyohivyo mwaka 1969, wala wasijitie usafi.) Mwisho wake ni ile ya 1980, ambayo karibu mapigano yake yote ni mabaki ya zamani. Iruke bila kujuta. Lakini umaskini ule ulizaa mambo ya ajabu. Guiron wa 1969 ana kichwa chenye umbo la kisu cha buchani, na kazi yake ya kwanza ni kumkatakata Gyaos wa angani vipande vipande mbele ya watoto wawili wanaotazama. Katika ile ya 1970, iliyopigwa wakati wa maonyesho ya dunia ya Osaka, wavulana wawili wanapanda nyambizi ndogo na kuingia ndani ya mwili wa Gamera kumtibu. Hakuna tajiri angefikiria hivyo.

Halafu inakuja 1995 na mambo yanageuka. Shinji Higuchi alisimamia maajabu ya ile trilojia, yaani zile tatu za Kaneko, na alichofanya ni rahisi kukieleza na kigumu kukitenda: kamera ikashuka chini, kwenye usawa wa macho ya mtu aliyesimama barabarani. Unamwona Gamera kwa kupitia dirishani, nyuma ya nyaya za umeme, kati ya majengo mawili. Kwa maoni yangu hakuna filamu ya vazi la mpira, ya kampuni yoyote, iliyofikia ile ya 1999. Wa upande wa Godzilla wana haki ya kunibishia, ila waitazame kwanza.

Binadamu wa huko chini

Tuseme ukweli, katika filamu hizi watu wengi wapo ili kunyoosha kidole na kupiga kelele. Zile nzuri zinajulikana kwa kuwa unawakumbuka watu wake hata dubwana likiwa halipo.

Kwa Godzilla, ninayemkumbuka wa kwanza ni Daktari Serizawa wa 1954, mwanasayansi mwenye silaha inayoweza kumaliza balaa na anayeogopa zaidi kitakachofuata wakubwa wakiijua. Anachoma karatasi za utafiti wake moja baada ya nyingine. Mwingine ni Shikishima wa Minus One, rubani wa kujitoa mhanga ambaye hakujitoa, na anarudi kwenye mtaa wa vifusi akiona haya kuwa hai. Na ipo ile ya 2016 iliyoongozwa na Hideaki Anno pamoja na Higuchi, ambayo shujaa wake ni ofisi. Dubwana linapanda mtoni, huku viongozi wanahama kutoka chumba kimoja cha mkutano kwenda kingine kwa sababu utaratibu unataka hivyo. Yeyote aliyewahi kuambiwa "faili lako liko kwa mkubwa, rudi kesho" atacheka, kisha kicheko kitamkwama.

Kwa Gamera wa zamani, watu ni watoto, na watu wazima wapo ili wakosee. Ukikerwa na sauti za watoto, zikwepe. Ile ya Guiron ina wanawake wawili wa angani wanaopanga kula ubongo wa wavulana, na wanaanza kwa kumnyoa mmoja nywele. Mpwa wangu aliona hilo ni jambo la kawaida kabisa. Katika zile za Kaneko watu wamekomaa. Katika ile ya 1995, mtaalamu wa ndege, Nagamine, yuko kisiwani kumtafuta profesa wake aliyepotea. Anakuta donge kubwa la matapishi, kama yale ya bundi, anavaa glavu, anaingiza mkono mpaka ndani, na anachotoa ni kalamu na miwani. Hakuna damu iliyoonyeshwa na hakuna aliyepiga kelele, na bado nilisukuma sahani yangu pembeni. Miaka minne baadaye anakuja Ayana, msichana ambaye wazazi wake walikufa nyumba ilipobomoka katika vita vya Gamera, na yeye hataki kusikia kwamba Gamera ni rafiki wa watoto.

Wingi, na pa kushika

Godzilla ana filamu 30 za waigizaji halisi upande wa Japani: 15 za enzi ya Showa, jina la utawala wa mfalme wa Japani wa wakati ule (1954 hadi 1975), 7 za kuanzia 1984 hadi 1995, 6 za 1999 hadi 2004, kisha ile ya 2016 na ya 2023. Zipo pia tatu za katuni za 2017 na 2018, ambazo hata sisi wapenzi tunazitaja kwa sauti ya chini. Usijaribu kuzitazama zote kwa mfululizo. Habari njema ni kwamba nyingi zinasimama zenyewe, na zile za 2016 na 2023 hazihitaji kujua chochote kilichotangulia.

Gamera ana 12: nane za zamani, zile tatu za Kaneko, na moja ya 2006 ya mtoto anayelea kobe mdogo. Ongeza mfululizo wa katuni wa 2023 ulioko Netflix, vipindi sita. Mwishoni mwa wiki ndefu unamaliza yote yenye thamani. Ila zingatia jambo moja: trilojia inategemeana. Ukianza na ya 1999 kwa sababu mtu kama mimi kaisifu, hasira ya Ayana haitakugusa, maana hukuwa upande wa Gamera mwaka 1995. Fuata mpangilio.

Kuhusu lugha, kote utakutana na maandishi ya Kiingereza chini ya picha, au sauti za Kiingereza zilizopachikwa. Kwa filamu nzito chagua Kijapani na usome. Kwa Gamera wa miaka ya sitini, sauti za Kiingereza ni sehemu ya kichekesho, wala usione aibu.

Jambo dogo kwa wanaotukanana mitandaoni kwa ajili ya hawa wawili: trilojia ya Gamera ilisambazwa sinema na Toho wenyewe, wenye Godzilla. Kaneko alipomaliza alikabidhiwa Godzilla, na ndiye aliyempa yale macho meupe ya 2001. Higuchi naye ndiye yule wa 2016. Watu wa jikoni ni walewale.

Sasa, wewe uko wapi?

Unataka filamu moja tu, ujue kwa nini dunia inalia Godzilla, Godzilla: tazama ya 1954. Ni nyeusi na nyeupe na haina haraka, lakini haijazeeka pale panapouma.

Unatazama na mwenza asiyependa madubwana: Minus One. Ataifuata kwa sababu ya yule rubani na mtoto wa kulea, na atakuwa ameshanasa kabla hajajua.

Umetoka kazini umechoka na mikutano: ya 2016, kama unaweza kujicheka. Kama huwezi, iache mpaka likizo.

Una watoto wa miaka sita hadi kumi: Gamera wa 1967 hadi 1970, mchana, sebuleni. Mzazi akae karibu kwenye ile ya Guiron, kwa sababu ya kile kisu. Kwa upande wa Godzilla, za kati ya 1964 na 1975 zinafaa pia, isipokuwa Hedorah, ambayo katikati ya katuni zake na nyimbo zake ina watu wanaobaki mifupa.

Wewe ni mtu wa ufundi, unapenda kuona mkono wa fundi: trilojia ya Kaneko, jioni tatu mfululizo.

Unapenda kubishana na kukusanya, kujua mwaka gani nani alivaa vazi gani: Godzilla. Humalizi leo wala mwakani. Uanze na mjadala wa kwa nini ile ya 1984 inahesabiwa na za enzi ya Heisei, ya mfalme aliyefuata, ilhali enzi yenyewe ilianza Januari 1989.

Una majonzi, umepoteza mtu karibuni: usiguse ya 1954 wala Gamera ya 1999 kwa sasa. Weka ile ambayo Godzilla anaruka kinyumenyume, na uruke mbele palipo na mifupa.

Mpwa wangu, kwa taarifa yenu, hakuchagua upande wowote. Yeye ni wa Guiron. Anasema Gamera ni mzuri, lakini hana kisu.